Kibali cha Kamĩrĩĩthũ

Neno kibali lina maana mbili zinazokaa nyumba moja. Kuna kibali cha karatasi, kile chenye mhuri na saini, ambacho bila hicho huwezi kuandaa tamasha wala kufanya maandamano. Kuna pia kibali cha kupendeza machoni pa mkubwa: fulani amepata kibali mbele ya mfalme. Shina la yote mawili ni kukubali. Kamusi huzitenga maana hizi kwa namba 1 na namba 2. Ukifuatilia historia ya sanaa nchini Kenya, hata hivyo, utaona kwamba ofisini hazijatengana sana. Msanii akipoteza kibali cha pili, cha kwanza nacho hunyang'anywa.

Tuuchukue mwaka 1977, maana sidhani kuna mwaka unaolionyesha jambo hili vizuri zaidi.

Mwaka huo ulianza kwa shangwe. Kati ya Januari 15 na Februari 12, Afrika ilikutana Lagos, Nigeria, katika tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi lililojulikana kama FESTAC 77. Kenya iliwakilishwa na tamthilia mbili: The Trial of Dedan Kimathi, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Hebu fikiria, msomaji. Moja inamtukuza jemadari wa Mau Mau wakati ambapo wengi serikalini hawakupenda kukumbushwa habari za msituni. Nyingine inachora nchi ambamo mwanafunzi anapigwa risasi katika maandamano na mtawala hataki kuulizwa swali. Na hizo ndizo zilizopanda ndege kwenda kutuwakilisha!

Siku sita baada ya pazia la FESTAC kufungwa, wanajeshi wa Nigeria walivamia makazi ya mwanamuziki Fela Kuti mjini Lagos, wakapiga watu na kuteketeza nyumba. Mamake, Funmilayo Ransome-Kuti, aliyepigania haki za wanawake tangu enzi za ukoloni, alitupwa nje kupitia dirishani. Alifariki mwaka uliofuata. Kule Uganda, Byron Kawadwa, mkurugenzi wa Ukumbi wa Taifa wa Michezo, ambaye tamthilia yake ya Kiganda ilikuwa imeonyeshwa Lagos, alikamatwa na watu wa Idi Amin muda mfupi baada ya tamasha na akauawa.

Nairobi walikuwa na njia ya kistaarabu zaidi, kama unaweza kuiita hivyo. Walikuwa na karatasi.

Kamĩrĩĩthũ ni kijiji cha Limuru kilichotokana na miaka ya Hali ya Hatari, wakoloni walipowahamisha watu kwa nguvu na kuwarundika pamoja ili wawachunge. Mwaka 1976 wanakijiji walianzisha kituo cha elimu na utamaduni. Kwanza yalikuja masomo ya watu wazima, kujua kusoma na kuandika, kisha mchezo wa kuigiza. Ngũgĩ na mwenzake Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika rasimu kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, yaani nitaolewa nikipenda. Rasimu hiyo haikubaki mali yao. Vibarua wa mashamba, wafanyakazi wa kiwandani na wazee waliokumbuka nyimbo za vita vya uhuru waliikosoa, wakaongeza, wakapunguza. Halafu wakajenga jukwaa la wazi kwa mikono yao, lenye viti vya watu zaidi ya 2,000. Serikali haikutoa hata msumari.

Kiini cha mchezo wenyewe ni karatasi nyingine. Kĩgũũnda, kibarua, ana ekari moja na nusu, na hati miliki yake ameitundika ukutani kama picha ya mtakatifu. Tajiri Kĩoi anawashawishi yeye na mkewe Wangeci wafunge ndoa kanisani. Harusi inataka pesa, pesa ziko benki, na benki inataka hati. Mwishowe shamba linapigwa mnada. Hadhira ya Limuru haikuhitaji mhakiki wa kuwafafanulia hapo. Wengi walimjua Kĩgũũnda, na wengine walikuwa ndio yeye.

Onyesho la kwanza lilikuwa Oktoba 2, 1977. Watu walifurika, wengine wakikodi mabasi kutoka mbali. Novemba 16 leseni ikafutwa kwa hoja ya usalama wa umma. Basi, kwisha. Hakuna aliyeshtakiwa, hakuna aliyethibitisha kwamba sentensi fulani ya mchezo ni ya uongo au ya uchochezi. Mkesha wa kuingia mwaka mpya Ngũgĩ alikamatwa nyumbani na kuwekwa kizuizini Kamiti bila kufikishwa kortini. Alitoka Desemba 1978, miezi michache baada ya kifo cha Mzee Kenyatta.

Wapo wasomi wanaosema kosa la Ngũgĩ lilikuwa lugha: aliacha Kiingereza. Ushahidi wao si haba. Julai mwaka huohuo riwaya yake ya Petals of Blood, ambayo ni kali kuliko tamthilia hii, ilizinduliwa Nairobi na Mwai Kibaki, wakati huo Waziri wa Fedha. Lakini lugha peke yake haitoshi kueleza mambo. Ngaahika Ndeenda ilichapishwa kama kitabu kwa Kikuyu mwaka 1980, na mwaka 1982 ikatoka tafsiri ya Kiswahili. Maneno ni yaleyale. Nionavyo mimi, kilichoogopwa zaidi ni mkusanyiko: watu elfu mbili wasioomba ruhusa ya kucheka pamoja. Kitabu husomwa na mtu mmoja akiwa kitandani. Mchezo huwakutanisha majirani, na wakitoka hapo watatazamana.

Tofauti ya leseni na kesi inaonekana tukirudi nyuma kidogo hadi Mombasa. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa miaka 22, aliandika kijitabu Kenya: Twendapi? kilichosambazwa kwa siri, akiilaumu serikali kwa jinsi ilivyokibana chama cha upinzani cha KPU. Dola ilimpeleka mahakamani kwa uchochezi na mwaka 1969 akahukumiwa. Kifungo kikafikia miaka 3, sehemu kubwa akikaa peke yake. Humo ndimo alimotunga mashairi kwenye karatasi za chooni, yakatoroshwa nje, na mwaka 1973 yakatoka kama diwani ya Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilishinda tuzo ya fasihi. Tuzo ya nani? Ya Jomo Kenyatta. Sijui kama waamuzi walicheka faraghani. Dhuluma ilikuwepo, lakini angalau kulikuwa na shtaka lililotajwa, ambalo vizazi vilivyofuata vinaweza kulisoma na kulipinga. Leseni haitaji shtaka. Haijibu hoja, kwa hiyo haipingiki.

Wengine walijikinga kwa fumbo, na hili ni jambo la kale katika lugha yetu. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mnamo 1840, aliwatetea Wamazrui dhidi ya Seyyid Said wa Oman kwa mashairi ambayo mwenye masikio aliyaelewa na asiye nayo aliona ni mchezo wa maneno. Imbuga naye aliiweka tamthilia yake katika nchi ya kubuni, Kafira, na wakubwa wakakaa viti vya mbele wakijifanya hawaijui nchi hiyo. Sidharau mbinu hii, imetuachia kazi nzuri sana. Ila msanii anayelazimika kufumba si sawa na anayechagua kufumba.

Kamĩrĩĩthũ walijaribu tena. Mwanzoni mwa 1982 kikundi kilikuwa na mchezo mpya wa nyimbo, Maitũ Njugĩra, kwa lugha kadhaa za Kenya. Februari walipofika Ukumbi wa Taifa, walikuta milango imefungwa. Wakaendelea na mazoezi chuo kikuu, na watu wakajaa kutazama mazoezi tu, maelfu kwa maelfu, hadi hayo nayo yakapigwa marufuku. Machi usajili wa kituo ukafutwa, na tarehe 12 polisi wakafika kijijini na kulibomoa jukwaa. Mwaka huohuo Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, inayohusu mgomo wa wafanyakazi, naye aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa.

Ngũgĩ akabaki Uingereza. Ngũgĩ wa Mĩriĩ akakimbilia Zimbabwe, alikofariki mwaka 2008. Hao tunawajua, tumewaandikia tasnifu. Wale kina mama na vibarua walioigiza, walioimba na kupigilia mbao, hawakuwa na pa kukimbilia. Walibaki palepale wakilitazama jukwaa lao likiwa kifusi, na majina yao hayamo katika orodha za vitabu teule. Tunapozungumzia haki za msanii barani humu mara nyingi tunamaanisha mwenye jina.

Ngaahika Ndeenda ilirudi jukwaani Nairobi Mei 2022, katika Ukumbi uleule wa Taifa. Ilichukua miaka 45. Wakati huo tayari tulikuwa na Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 33 kinataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Kulingana na andiko hilo, uhuru wa msanii ni haki, wala si hisani ya mwenye mhuri.

Wanafunzi wa shule ya wasichana ya Butere wameijaribu haki hiyo mara mbili. Mwaka 2013 mchezo wao Shackles of Doom ulizuiwa kufika tamasha la kitaifa la drama, na Mahakama Kuu ikaliondoa zuio hilo. Aprili 2025 ikawa zamu ya Echoes of War, na mahakama ikaamuru tena kwamba waruhusiwe. Walifika Nakuru. Polisi wakamkamata mtunzi wao, Cleophas Malala, wakawarushia watu vitoa machozi na kuwazuia kuingia. Alfajiri wasichana wakaingizwa ukumbini kuigiza, amri ya mahakama ikiwa upande wao na hadhira ikiwa imefungiwa nje. Walisimama, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka.