Kufuata dau kubwa (poka)

Kufuata dau kubwa katika poka ni kulipa kiasi alichoweka mwenzako ili ubaki mchezoni, badala ya kutupa karata au kupandisha dau. Wachezaji wakiwa watatu au zaidi, uamuzi huu hutegemea mambo makuu matatu.

Bei: Katika aina ya poka iitwayo Texas Hold'em, tuseme mezani pana 60, mchezaji wa kwanza akaweka 60 na wa pili akafuata. Wa tatu hulipa 60 kugombea jumla ya 240, hivyo anahitaji nafasi ya ushindi isiyopungua asilimia 25. Akiwa na kopa nne na imebaki karata moja kufunguliwa, kopa 9 zilizosalia kati ya karata 46 asizoziona humpa takriban asilimia 19.6 ya kukamilisha kopa tano. Kwa hesabu hiyo pekee, kufuata ni hasara, isipokuwa akitarajia kulipwa zaidi kopa ikitoka.

Nguvu ya karata: Wingi wa wachezaji hushusha bei lakini huinua kiwango cha karata kinachohitajika kushinda. Jozi moja inayomtosha mpinzani mmoja mara nyingi haifui dafu mbele ya wawili, na kopa ndogo huzidiwa na zenye ree.

Zamu: Anayeamua mwisho hujua bei kamili. Aliye katikati huweza kufuata, kisha aliye nyuma yake akapandisha dau na kumlazimu alipe tena au aache fedha zake mezani.

Mmarekani David Sklansky alieleza misingi ya hesabu hizi katika kitabu The Theory of Poker.