Alfa 156: Historia ya Miaka Tisini kwa Bei ya Pikipiki Mbili

Najua nimekaa kimya majuma kadhaa na wengine wenu mmeanza kuuliza kama tarakilishi yangu imeibwa. Haijaibwa. Nilinunua gari. Na si gari ambalo ndugu, jamaa na marafiki walinishauri nilinunue.

Kwa hivyo leo hakuna somo la programu. Leo ni historia. Ukitaka kujua kwa nini mtu mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta na akili zake timamu anatoa akiba yake kununua gari la Kiitaliano lenye umri wa zaidi ya miaka ishirini, itabidi turudi nyuma kidogo.

Nilikuwa nimejiwekea shilingi 400,000 kwa miaka miwili. Baba alikuwa ameshanikatia shauri: Toyota ndogo, nyeupe, kwa sababu nyeupe huuzika. Mimi nikarudi nyumbani na Alfa Romeo 156 ya mwaka 2001, injini ya lita 2, rangi nyekundu iliyopauka kwenye paa, kwa shilingi 280,000. Pikipiki mbili mpya zingenigharimu takriban pesa hizo. Baba alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, kisha akauliza swali moja tu: "Na hili likiharibika, utampigia nani simu?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nitalirudia swali lake.

Tuanze Milano, kaskazini mwa Italia, tarehe 24 Juni 1910. Wafaransa wa kampuni ya Darracq walikuwa na kiwanda mtaa wa Portello, biashara ikawa mbaya, na wenye mali wa pale wakakichukua. Wakakiita Anonima Lombarda Fabbrica Automobili, yaani kampuni ya magari ya Lombardia. Ukichukua herufi za kwanza unapata ALFA. Mwaka 1915 kikaangukia mikononi mwa Nicola Romeo, na baada ya vita jina likawa Alfa Romeo. Ile nembo yenye msalaba mwekundu na nyoka anayemmeza mtu (mama yangu hajaipenda hata kidogo) ni alama za mji wa Milano na ukoo wa Visconti waliowahi kuutawala.

Sasa shikeni jambo moja hapa. Mwaka 1914 mhandisi wao wa kwanza, Giuseppe Merosi, aliunda injini ya mashindano yenye plagi mbili kwa kila silinda. Wazo ni rahisi: petroli ikiwashwa pande mbili kwa pamoja, inaungua haraka na vizuri zaidi. Vita vikaja, gari lile halikupata nafasi yake. Lakini wazo halikufa. Liliwekwa kabatini kama vile sisi tunavyoweka kipande cha programu tukijua ipo siku kitahitajika.

Kati ya vita viwili vya dunia Alfa Romeo ilitengeneza magari ya matajiri na ya mashindano, machache mno, karibu kwa mkono. Gari lao la P2 lilishinda ubingwa wa kwanza wa dunia mwaka 1925. Enzo Ferrari, kabla hajawa jina la magari, alikuwa dereva wao, na tangu 1929 akawa anaendesha timu iliyokimbiza magari yao. Mwaka 1933 serikali ya Italia ikakiokoa kiwanda kupitia shirika lake la IRI. Halafu ikaja vita ya pili na Portello ikapigwa mabomu.

Hapo ndipo hadithi yangu inapoanzia hasa. Baada ya 1945, nani Italia angenunua gari la kifahari? Watu walikuwa wakipanda baiskeli. Kiwanda kilikuwa na wahandisi waliojua kitu kimoja tu, kushinda mashindano, na nchi iliyohitaji kitu kingine kabisa, magari ya familia. Wangeweza kuacha la kwanza na kushika la pili. Hawakufanya hivyo. Mwaka 1950, mwaka uleule Giuseppe Farina aliposhinda ubingwa wa kwanza wa Formula 1 akiwa na Alfa, kundi la mhandisi Orazio Satta Puliga lilitoa gari lililoitwa 1900. Lilikuwa la kwanza kwao kuundwa kwa mtindo wa kiwanda cha kisasa, gari moja likifuata jingine kwenye mstari. Lilikuwa na milango minne na nafasi ya watoto na mizigo. Lakini injini ilikuwa na kamshafti mbili juu, jambo ambalo wakati huo lilikuwa la magari ya spoti.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo gari la familia lenye roho ya spoti lilipopata sura yake. Halikubuniwa na mtu mwenye pesa za kuchezea. Lilibuniwa na watu waliofilisika ambao walikataa kuamini kwamba baba mwenye watoto watatu hana haki ya kufurahia kona.

Mwaka 1962 ikaja Giulia. Ukiiona kwa macho ni kama sanduku la viatu, lakini walikuwa wameipima kwenye upepo na kuikata mkia mahali panapofaa, hata ikaupenya upepo kuliko magari mengi yaliyoonekana laini. Injini ya lita 1.6, gia tano wakati wengine wengi walikuwa na nne. Polisi wa Italia walizitumia, na majambazi nao wakazitumia, kwa sababu hizohizo. Zaidi ya nusu milioni zilitengenezwa. Na mwaka 1965, toleo la mashindano la ndugu yake wa milango miwili, GTA, likatoa kabatini lile wazo la Merosi: plagi mbili kwa silinda.

Miaka ya 1970 na 1980 haikuwa mizuri. Uhandisi ulikuwa bado mzuri, kwa mfano Alfetta ya 1972 iliyowekwa giaboksi nyuma ili uzito ugawanyike sawa mbele na nyuma. Lakini kiwanda kilikuwa kinapoteza pesa. Mwaka 1986 serikali ikakiuza kwa Fiat, ingawa Ford nao walikuwa wakikitaka. Mashabiki wengine hadi leo husema Alfa ya kweli iliishia hapo, na 75 ya mwaka 1985. Kumbukeni tu kwamba mwaka 1987 hiyohiyo 75 ilipewa injini ya lita 2 yenye plagi mbili kwa silinda, nao wakaiita Twin Spark. Italia ilikuwa ikitoza kodi kubwa zaidi magari yenye injini ya zaidi ya lita 2, kwa hiyo wahandisi walilazimika kukamua nguvu zote ndani ya mpaka huo. Kodi nayo ni mhandisi, ukifikiria vizuri.

Basi mwaka 1997, kwenye maonyesho ya Frankfurt, ikatoka 156. Aliyesimamia umbo lake ni Walter de Silva. Alificha vishikio vya milango ya nyuma kwenye fremu ya dirisha ili ukilitazama ubavuni ufikirie ni gari la milango miwili, na namba ya mbele akaisogeza pembeni ili ile ngao isizibwe. Likachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya 1998. Toleo lake la dizeli lilikuwa gari la kwanza la abiria duniani kuuzwa likiwa na mfumo wa reli moja ya kusambaza mafuta kwa shinikizo kubwa, mfumo ambao leo uko kwenye magari mengi ya dizeli. Na kwenye viwanja vya mashindano, Fabrizio Giovanardi alishinda nalo ubingwa wa Ulaya wa magari ya kawaida mwaka 2002, Gabriele Tarquini akafuata 2003.

Sasa swali la haki: kama ni gari la namna hiyo, mbona mimi nililipata kwa bei ya pikipiki mbili?

Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo 156 zilizopo nchini ni zile zilizoingia zamani. Langu lilitoka Uingereza mwaka 2008. Ni chache, na hapa kwetu bei ya gari kuukuu haipimwi kwa uzuri wake bali kwa urahisi wa kuliuza tena. Mtu akisikia "Kiitaliano" anashika mfuko. Hofu hiyo haikutoka hewani. Injini ya Twin Spark ina kifaa kinachobadilisha majira ya kamshafti, na kikichakaa injini hulia kama dizeli ukiiwasha asubuhi. Bushi za mbele huanza kupiga kelele. Na kubwa kuliko yote ni mkanda wa taimingi. Ukikatika, vali zinakutana na pistoni, na injini imekwisha. Mafundi wanaozijua huubadilisha kila kilomita 60,000 hivi bila kusubiri dalili.

Mzee aliyeniuzia alikuwa mtu mwungwana, lakini nilipomuuliza mkanda ulibadilishwa lini alisema, "Kijana wangu, gari halijanisumbua." Kama umewahi kurithi programu ya mtu mwingine unajua maana ya jibu hilo. Maana yake ni kwamba hakuna maandishi, na haijawahi kujaribiwa.

Nikafanya jambo moja la busara katika shughuli hii yote. Sikuliwasha. Nilililipia, nikaita gari la kuvuta, na kijana wa kuendesha winchi akanicheka wazi kwamba nimenunua gari bovu. Likapelekwa moja kwa moja kwa fundi Eneo la Viwanda ambaye nilikuwa nimempata kwa kuulizauliza, mzee wa makamo aliyewahi kufanya kazi na magari ya Ulaya. Alipofungua kifuniko akaniita. "Njoo uone, boss." Akaukunja mkanda kwa vidole viwili. Ulikuwa umepasuka nyufa mgongoni wote, na meno mawili yalikuwa yameanza kung'oka. Hakusema neno. Mimi pia sikusema. Shilingi 280,000 zangu zilikuwa zimening'inia kwenye mpira ule.

Mikanda miwili (lita 2 ina mwingine wa vyuma vya kupunguza mtikisiko), pampu ya maji, kile kifaa cha kamshafti na plagi nane vilikuja kutoka Uingereza kwa majuma mawili. Kirinyaga Road nilipata vichujio, oili na vicheko. Pamoja na kazi ya fundi nililipa shilingi 85,000. Akiba yangu ikabaki 35,000, na petroli bado sijatia.

Hili ndilo somo ambalo ningetaka mtu anisomee mapema: bei ya gari hushuka, bei ya kulitunza haishuki. Unanunua kwa bei ya gari kuukuu lakini unalitunza kwa bei ya gari lililokuwa ghali likiwa jipya. Anayesahau hilo ndiye anayewaambia wenzake kwamba magari haya ni mabovu.

Na raha je? Jumamosi moja alfajiri nilimchukua baba tukashuka barabara ya chini kwenda Naivasha, ile ya Mai Mahiu, kabla malori hayajajaa. Usukani wa 156 ni mwepesi wa kujibu, unazungusha kidogo tu na pua inageuka. Ukipita mizunguko 4,000 sauti inabadilika, na nguvu farasi 150 hivi si nyingi siku hizi lakini zinakuja kwa furaha. Baba alikuwa ameshika kishikio cha mlango. Kona ya tatu akakiachilia.

Pale chini kuna kikanisa kidogo kando ya barabara. Kilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, walioletwa Kenya wakaifanyia kazi barabara hiyohiyo tuliyokuwa tukishuka. Tulisimama. Baba alifundishwa habari za kikanisa hicho akiwa shuleni, akanieleza mimi, huku injini ikipoa na kutoa ule mlio wake mdogo wa chuma. Wanaume waliofungwa mbali na kwao, wakawa bado wanapaka rangi ukuta vizuri.

Wakati wa kurudi akaomba kuendesha. Nilimpa. Hakurudia swali lake, lakini nitalijibu hapa: likiharibika nampigia yule fundi wa Eneo la Viwanda, na namba yake nimemwandikia baba pia.

Kwa anayetaka kunifuata: usinunue bila kutenga angalau theluthi ya bei pembeni. Mtafute fundi kabla ya gari. Liwashe likiwa baridi usikilize, ila kama hakuna risiti ya mkanda, usiliendeshe hata mpaka nyumbani. Na matuta ya mtaani kwenu uyapime kwanza, maana gari hili limekaa chini na tayari nimekwangua tumbo mara mbili.

Juma lijalo tunarudi kwenye programu, naahidi. Nikichelewa, mjue niko kwenye kona.