Haki ya mgonjwa ilipiganiwa Pumwani

Wasee, hapa Eastlando ni ngumu kukosa jamaa aliyezaliwa Pumwani. Hospitali ilianza 1926, enzi za mkoloni, ikaitwa Lady Grigg, jina la mke wa gavana. Jina lilienda, foleni ikabaki.

Lakini historia ninayoitaka leo ni ya juzi tu. 2010 tulipata Katiba mpya. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya huduma bora za afya, za uzazi zikiwemo, na hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura. Mwaka huo huo mama mmoja akajifungua Pumwani, bili ikamshinda, akazuiliwa. Alilala sakafuni, na kichanga chake. Mwenzake alikuwa amepitia mambo hayo hapo hapo tangu 1991. Mwaka wa 2012 wakaingia kortini wote wawili.

Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi akaamua: kumfungia mgonjwa sababu ya deni ni kuvunja Katiba. Akaagiza walipwe fidia, na serikali iweke utaratibu wa kuwasamehe bili wasiojiweza. Kwangu mimi hao wamama wawili wametufanyia zaidi ya wanasiasa wengi wanaokuja huku kugawa unga.

Oktoba ile ile, mwanaume aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi karibu saa 18 akingoja kitanda. Alifariki. Nchi ilikasirika kweli.

2017 ikaja Sheria ya Afya. Hospitali yenye uwezo ikikataa kukupa matibabu ya dharura, inaweza kupigwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Una haki pia kuelezwa hali yako, matibabu yaliyopo na gharama yake, kwa lugha unayoielewa. Hii ndiyo naipenda zaidi, maana tumezoea daktari anamwaga Kizungu, shosh anaitikia "ndiyo" kisha anakuja kuniuliza mimi alichoambiwa ni nini.

Sasa NHIF imeenda, tuko SHA tangu Oktoba 2024, na bado nasikia mtu "amewekwa" wodini mpaka familia ichange. Hukumu haikufuta deni, hiyo tuelewane. Hospitali inaweza kukudai kortini kama mtu yeyote. Kukufungia ndiyo haiwezi.

Kama una mtu ndani sasa hivi, tafuta hukumu ya ombi namba 562 la 2012, ichapishe pale saiba, uende nayo kwa msimamizi wa hospitali.