Panya buku wa kutambua kifua kikuu

Panya buku wa kutambua kifua kikuu ni panya wakubwa wa Afrika waliofundishwa kunusa makohozi ya binadamu na kuonyesha yale yenye bakteria wa kifua kikuu (TB). Wanafundishwa mjini Morogoro, Tanzania, na shirika lisilo la kiserikali la APOPO, ambalo makao yake yako katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), chini ya milima ya Uluguru.

Kazi yao ni kupima kwa mara ya pili makohozi ya watu waliokwisha kupimwa hospitalini au katika vituo vya afya, ili wapatikane wagonjwa walioambiwa hawana TB kumbe wanayo. Wagonjwa hao hutafutwa mitaani kwa msaada wa watu ambao wenyewe waliwahi kuugua ugonjwa huo na kupona.

Sababu ya kupima mara ya pili

Kifua kikuu husababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium tuberculosis, ambaye Robert Koch wa Ujerumani alitangaza kumgundua mwaka 1882. Ugonjwa huenea kwa njia ya hewa, hasa mgonjwa wa mapafu anapokohoa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2023 watu wapatao milioni 10.8 waliugua TB duniani na milioni 1.25 walikufa. Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo.

Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida katika vituo vya Tanzania kilikuwa kuangalia makohozi kwa hadubini. Kipimo hiki ni rahisi, lakini kinahitaji bakteria wengi, takriban 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita ya makohozi, ndipo mpimaji aweze kuwaona. Watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI mara nyingi huwa na bakteria wachache katika makohozi, na watoto wadogo hushindwa kuyatoa vizuri. Hivyo mtu anaweza kukohoa kwa wiki kadhaa, akapimwa, akaambiwa hana TB, akarudi nyumbani na kuendelea kuwaambukiza anaoishi nao.

Historia

APOPO ilianzishwa nchini Ubelgiji mwaka 1997 na Bart Weetjens. Tangu utotoni Weetjens alifuga wanyama wagugunaji, na alifahamu jinsi wanavyonusa vizuri na kujifunza haraka. Alipotafuta njia nafuu ya kupata mabomu yaliyotegwa ardhini, aliwakumbuka wanyama hao.

Mwaka 2000 kazi ilihamia Morogoro kwa ushirikiano na SUA, ambako wataalamu walikuwa tayari wakichunguza panya waharibifu wa mazao. Jeshi la Wananchi wa Tanzania pia lilishirikiana na shirika hilo katika mafunzo ya kutafuta mabomu. Panya waliofundishwa Morogoro walifanya kazi hiyo Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa huru na mabomu ya ardhini, na baadaye Kamboja. Huko Kamboja panya aitwaye Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipata umaarufu na mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza.

Mwaka 2003 APOPO ilipata fedha kupitia shindano la Benki ya Dunia ili kuchunguza kama panya wanaweza pia kutambua TB kwa harufu. Upimaji wa sampuli kutoka vituo vya afya vya Tanzania ulianza mwaka 2007, kisha Msumbiji na Ethiopia zikafuata.

Mnyama mwenyewe

Panya buku ni mkubwa kuliko panya wa nyumbani. Uzito wake hufikia kilo moja au zaidi, na mkia wake ni mrefu na mweupe kuelekea ncha. Hubeba chakula ndani ya mashavu yake. Ni mnyama wa usiku, haoni vizuri, na hutegemea pua kutafuta chakula. Akifugwa anaweza kuishi miaka 8 hivi, muda unaofanya gharama ya kumfundisha isipotee bure. Kwa mkulima panya buku ni mwizi wa mazao, na mahali pengine Afrika huwindwa kwa nyama.

Mafunzo

Mafunzo huchukua takriban miezi 9. Watoto wa panya huzoeshwa kwanza kushikwa na binadamu, kusikia sauti na kukaa katika mazingira mbalimbali. Kisha hufundishwa kwamba mlio mfupi wa kifaa kidogo una maana ya chakula, hasa ndizi au parachichi lililopondwa. Hatua inayofuata ni kuunganisha mlio huo na harufu ya makohozi yenye TB. Mwisho panya hutahiniwa, na anayeshindwa hapewi kazi.

Jinsi upimaji unavyofanyika

Makohozi yanayobaki baada ya kipimo cha kituo cha afya hupelekwa maabara na kuchemshwa ili kuua vijidudu. Vichupa 10 hupangwa chini ya matundu yaliyo kwenye sakafu ya kizimba. Panya hupita tundu baada ya tundu. Akitambua harufu ya TB husimama na kuweka pua yake kwa sekunde kama 3, au hukwaruza.

Baadhi ya vichupa vina makohozi ambayo tayari yamethibitishwa kuwa na TB. Panya hupewa chakula kwa kuonyesha hivyo tu. Kwa sampuli nyingine hapewi kitu, kwa kuwa mfundishaji hajui jibu lake na angeweza kumzawadia kwa kosa.

Panya mmoja anaweza kupitia sampuli 100 kwa dakika 20, kazi ambayo mtaalamu mwenye hadubini anaweza kuifanya kwa siku 4. Sampuli iliyoonyeshwa na panya hupimwa tena kwa njia zinazokubaliwa na WHO. Hakuna mtu anayeanzishiwa dawa kwa sababu ya panya peke yake.

Mchango wa waliougua na kupona

Jibu lililothibitishwa halina faida kama mgonjwa hapatikani. Huenda amekwisha kuhama, namba ya simu haipatikani, au haamini tena vipimo baada ya kuambiwa hana ugonjwa. Wengine hujificha kwa kuogopa kunyanyapaliwa.

Kwa kazi hiyo APOPO imeshirikiana na MKUTA, shirika la watu waliowahi kuugua TB. Wanachama wake huwatafuta wagonjwa, huwarudisha kituoni na kuwahimiza wamalize dawa. Tiba ya kawaida ya TB isiyo sugu huchukua miezi 6, na wengi hujisikia wazima mapema na kutaka kuacha. Aliyepitia hali hiyo mwenyewe anaweza kulieleza jambo hili kwa namna ambayo mgonjwa ataiamini.

Matokeo

Kwa taarifa za APOPO, panya wameongeza idadi ya wagonjwa wanaogunduliwa katika vituo shirikishi kwa takriban asilimia 40. Utafiti wa Georgies Mgode wa SUA na wenzake, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha ongezeko la karibu asilimia 68 kwa watoto wa hadi miaka 5.

Mipaka

WHO haijaidhinisha panya kuwa kipimo rasmi cha TB. Panya huweza kuonyesha sampuli isiyo na ugonjwa, na ndiyo maana uthibitisho ni wa lazima. Hawawezi kueleza kama bakteria ni sugu kwa dawa, tofauti na mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na WHO mwaka 2010, ambayo hutambua usugu kwa dawa ya rifampisini. Wala hawasaidii kupata TB iliyo nje ya mapafu, kwa kuwa hunusa makohozi tu. Faida yao iko katika kuchuja sampuli nyingi haraka, ili mashine na vitendanishi vya gharama vitumike pale panapohitajika zaidi.