Ukanda wa Mpira kwenye Chukudu
Chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kilichoenea Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, tangu miaka ya 1970, husifiwa kwa ugumu wa mbao zake. Mimi naona siri iko kwenye ukanda wa tairi kuukuu unaozungushwa kwenye gurudumu. Mpira hula nguvu kidogo kila unapobonyea, lakini juu ya mawe makali ya volkano karibu na Goma hupunguza mshtuko na kuokoa mbao. Utasema mteremko wa kutoka milima ya Masisi hadi mji wa Sake ndio unaosukuma chukudu zenye viazi na makaa, si mpira. Kweli, ila wakati wa kurudi mteremko huo huo ni mlima. Eneo la Walikale linaonyesha mpaka wa hoja yangu: kutoka mgodi wa Bisie kasiteriti, yaani madini ya bati, ilibebwa mgongoni, kwa kuwa kwenye matope ya msituni hakuna mpira ambao ungesaidia gurudumu.