Upimaji wa ruwaza za sweta

Upimaji wa ruwaza za sweta ni uamuzi anaoufanya mfumaji, kabla hajanunua uzi, kuhusu mtindo wa ruwaza mpya na jinsi vazi litakavyomkaa mvaaji. Ruwaza ni maelekezo ya ufumaji: vitanzi vya kuanzia, mahali pa kuongeza na kupunguza, na vipimo vya vazi likishakamilika. Huuzwa pamoja na picha, na picha ndiyo shahidi asiyetegemeka kuliko wote. Mwanamitindo aliyeinua mikono, au aliyemwaga nywele ndefu mabegani, anaficha palepale panapoharibika sweta nyingi. Vazi lenyewe huenda limebanwa kwa pini mgongoni.

Cha kusoma kwanza ni tofauti kati ya mzunguko wa kifua cha mvaaji na ule wa sweta. Mwenye kifua cha sentimita 94 akivaa sweta ya sentimita 100 anabakiwa na nafasi ya sentimita 6: haimbani wala haimpwayi. Mitindo ya kupwaya makusudi huacha sentimita 20 au zaidi. Soksi, kinyume chake, hufumwa ndogo kuliko mguu, kwa kawaida asilimia 10 hivi, zipate kushika. Wazazi wa Afrika Mashariki wanaponunua sweta za shule wana hesabu yao: ipwaye mwaka huu, itoshe mwakani. Ruwaza inayosema "ndogo", "wastani" na "kubwa" bila kutaja sentimita haifai kulipiwa.

Hesabu hizo zote zinategemea mkono wa mfumaji. Ruwaza ikidai vitanzi 20 kwa kila sentimita 10, vitanzi 200 vya kiwiliwili hutoa sentimita 100. Anayekaza uzi hadi kupata vitanzi 22 atamaliza na sentimita 91 hivi, na sweta iliyokusudiwa kuachia itambana yuleyule mwenye kifua cha 94. Ndiyo maana hufumwa kwanza kipande cha majaribio, kikafuliwa na kukaushwa ndipo kikapimwa. Kukifua ni lazima, kwani sufu iliyotiwa dawa ili ivumilie mashine ya kufulia mara nyingi hutanuka ikilowa, na vazi la pamba hurefuka kwa uzito wake.

Elizabeth Zimmermann (1910–1999), mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, aliweka uwiano mwepesi: mzunguko wa kiwiliwili ukiwa asilimia 100, kifundo cha mkono huwa karibu 20 na shingo 40. Uwiano huo hufichua upesi ruwaza yenye mikono myembamba mno, ila huyumba katika saizi kubwa. Mtu akinenepa kifua, mifupa ya mabega haitanuki pamoja nacho. Mbunifu aliyekuza kila kipimo kwa kiwango kimoja humwachia mnunuzi shingo inayoteremka begani. Mkono unaoanzia chini ya bega husamehe kosa hilo, lakini hujikusanya mikunjo kwapani.

Tovuti ya Ravelry, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2007, huonyesha ruwaza moja ikiwa imefumwa na kuvaliwa na watu wa maumbo mbalimbali. Ruwaza iliyotoka jana bado haina picha hizo. Hapo hutazamwa kazi za wafumaji wa majaribio, ambao aghalabu hupewa ruwaza bure, kwa hiyo sifa wanazoimwagia hupokewa kwa tahadhari.