Kothbiro: Msee Mmoja, Nyuzi Nane

Kakamega mvua haina mchezo. Saa tisa hivi mawingu yanatokea upande wa msitu, dakika kumi baadaye mabati yanalia na stima imeenda. Ni kwa giza kama hiyo nilisikia Kothbiro vizuri mara ya kwanza, simu ikiwa na chaji ya asilimia nane. Kothbiro ni Kijaluo: mvua inakuja. Sielewi Kijaluo, lakini niliketi hapo kama nimepigiwa simu ya msiba.

Mwenyewe anaitwa Ayub Ogada. Na usiseme humjui. Ukishaskiza "Yikes" ya Kanye West, ile ya 2018, ushamskia. Ile sauti imelala chini ya biti imetolewa kwa Kothbiro, lakini toleo la Black Savage, bendi ya Nairobi ya miaka ya 1970. Ogada alikuwa kwa hiyo bendi, enzi hizo akiitwa Job Seda. Jina lake na la mwenzake Mbarack Achieng yako kati ya watunzi wa huo wimbo wa Kanye.

Sasa cheki hii. Wimbo ulianza na bendi nzima. Baadaye Ogada akawa mmoja wa walioanzisha African Heritage Band, akaigiza kwa filamu ya Out of Africa ya 1985, halafu akaenda London na nyatiti yake. Huko alikuwa anapiga barabarani na kwa stesheni za treni, watu wakipita. 1988 akapanda jukwaa la WOMAD, tamasha ambalo Peter Gabriel alisaidia kuanzisha. 1993 akatoa albamu yake mwenyewe, En Mana Kuoyo, kupitia Real World. Kothbiro iko ndani, na safari hii bendi haiko. Ni yeye, nyatiti, na wasaidizi wachache.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo ule wimbo ulikuwa mkubwa. Na sababu iko kwa nyatiti yenyewe. Ina nyuzi nane. Mpigaji anaketi kwa kigoda kidogo, anavaa pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu na kugonga nayo ubavu wa chombo. Mguuni kuna njuga. Juu ya hiyo yote anaimba. Hesabu: nyuzi, ngoma, njuga, sauti. Hiyo ni okestra, na ni mtu mmoja.

Wazee wa Kijaluo husema nyuzi nne ni za kuzaliwa na nne ni za kufa. Nyatiti imepigwa kwa pombe na kwa matanga miaka mingi. Kwa hivyo ile huzuni unayoskia kwa Ogada hakuitoa London. Alienda nayo.

Kinachoniuma ni njia tuliyopitia kumfikia. 2005 Kothbiro ilikuwa kwa filamu ya The Constant Gardener. Dunia ikaskia. Ogada akarudi Kenya, akaishi karibu na Kisumu, na akafariki huko Februari 2019. Kutoka hapa Kakamega hadi Kisumu ni safari ya matatu moja. Mimi jina lake nililijua kupitia kwa rapa wa Marekani.

Na usidhani hii ni stori ya Wajaluo pekee. Wabukusu hapo Bungoma wana litungu, ndugu ya nyatiti kabisa. Sisi hapa tuna isukuti ya Waisukha na Waidakho, na 2014 UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Soma tena hilo neno: haraka.

Sisemi tuache gengetone tuvae ngozi. Ogada mwenyewe alipitia bendi ya magita kabla ya kushika nyatiti kwa nguvu, na alikuwa kijana wa mjini, mzaliwa wa Mombasa. Hakuipiga kama kitu cha makumbusho. Aliipiga kama chombo cha kazi.

Kwa hivyo matanga ijayo, kabla DJ hajafungua spika, kuna mzee atakuwa kwa kona na litungu au ngoma yake. Huwa tunampita tukitafuta chai. Keti karibu naye. Muulize ule wimbo unaitwaje, ni nani alimfunza, halafu omba ruhusa umrekodi. Na usiache jina lake nje.